Kufunga feni ya umeme kwenye gari la spoti la zamani: kazi kubwa iko kwenye nyaya

Oktoba ya Tabora, kabla mvua hazijaanza, ndiyo inayoumbua magari ya zamani. Gari limetoka Nzega bila shida, mshale wa joto umetulia katikati njia nzima. Linaingia mjini, linasimama kwenye kivuko cha reli kusubiri treni ipite, na hapo mshale unaanza kupanda. Sababu ni rahisi. Feni yake inazungushwa na mkanda wa injini. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma polepole bila kukanyagiwa mafuta), feni nayo inajivuta, na ni wakati huo huo rejeta inapohitaji upepo kuliko wakati wowote.

Feni ya umeme inaondoa tatizo hilo kwa sababu mzunguko wake hautegemei injini. Mwongozo huu ni wa magari ya spoti ya zamani ambayo injini imelala kwa urefu wa gari na feni imekaa kwenye wota pampu: Datsun 240Z, Toyota Celica za miaka ya 1970, na ndugu zao wa miaka ya 1980. Mfano wetu ni 240Z. (Ndiyo, ni gari lile lile lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, tena kwa feni ya mkanda. Lakini gari la mashindano halisimami foleni.) Kanuni zenyewe zinafaa kwa gari lolote la volti 12 ambalo ethi (upande wa betri uliofungwa kwenye bodi) ni hasi. Ukiwa na gari la Kiingereza la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, kama MGB ya kabla ya 1967, angalia betri kwanza: hayo ethi yake ilikuwa chanya, na mambo mengi hapa chini yatageuka.

Je, kweli ni feni?

Kabla ya kununua chochote, jiulize gari linachemsha wapi. Likichemsha limesimama au linakwenda polepole, na likikimbia linapoa, upepo hautoshi, na feni itasaidia. Likichemsha kwenye lami ukiwa kilomita 80 kwa saa, feni haitakusaidia kitu. Kwa mwendo huo upepo wa barabarani peke yake unazidi wa feni yoyote. Hapo tafuta rejeta iliyoziba ndani kwa kutu na chumvi za maji ya kisima, themostati (kizibo kinachofungua njia ya maji injini ikipata joto) iliyogoma, mkanda unaoteleza, taimingi iliyochelewa au gasketi ya silinda hedi inayovujisha moshi kwenye maji. Mafundi wengi wamefunga feni mbili mbele ya rejeta iliyoziba, na gari likaendelea kuchemsha vile vile.

Angalia na nje ya rejeta. Kiangazi, mbegu za majani na vumbi hujaa kwenye mapezi hadi mwanga haupiti. Osha kwa maji ya bomba ukipiga kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Presha ya mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi, kwa hiyo iache.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa kwa sababu ni kidogo. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kigoma mjini, chini kando ya ziwa, ni kama nyuzi 97. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9 (presha ya bar 0.9) kinapandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 116. Kikiwa na mpira uliokauka umepoteza kinga yote hiyo, na gari litatema maji hata kama joto lake ni la kawaida kabisa. Badilisha kifuniko kwanza. Ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii.

Halafu kuna desturi ya "kufunga direct": fundi anang'oa themostati, anaunganisha feni moja kwa moja na swichi ya kuwashia gari, feni inazunguka kuanzia asubuhi hadi jioni. Gari halichemshi, mteja anafurahi. Lakini injini haifiki joto lake, mafuta yanaliwa zaidi, oili inabaki nzito na inakusanya unyevu, brashi za mota ya feni zinakwisha mapema, na oltaneta (mashine inayochaji betri) inabeba mzigo usio wa lazima. Rudisha themostati ya nyuzi 82. Bila hiyo, swichi ya joto tutakayofunga haitakuwa na maana.

Kuchagua feni

Pima kabla hujaagiza. Spea ikitoka Kariakoo au Mwanza kwa basi, kuirudisha kwa sababu imezidi sentimita moja ni kupoteza siku kadhaa. Vipimo unavyohitaji ni vitatu: upana na urefu wa sehemu ya rejeta yenye mapezi, na nafasi kutoka kwenye mapezi hadi kwenye pua ya wota pampu baada ya kuondoa feni ya zamani. Kwenye kipimo hicho cha tatu toa milimita 20. Injini imekaa kwenye mipira na husogea mbele kidogo ukifunga breki kwa nguvu; mipira ikiwa imechoka husogea zaidi.

Feni moja ya inchi 16 inayonyonya, yaani iliyokaa nyuma ya rejeta, ni bora kuliko ya inchi hiyo hiyo inayopuliza kutoka mbele. Ya mbele inaziba njia ya upepo gari likiwa kwenye mwendo, na mara nyingi haina kava. Itumie tu ikiwa nyuma hakuna nafasi kabisa. Ya inchi 16 hula ampea 18 hadi 25 ikiwa imeshika kasi. Ya inchi 12 hula kama 8 hadi 12. Wakati wa kuwaka, kwa sehemu ndogo ya sekunde, inaweza kuvuta mara mbili au tatu ya hapo.

Kama una uchaguzi kati ya feni mpya nyembamba isiyo na jina na feni ya mtumba iliyotoka kwenye Toyota au Nissan ikiwa na kava yake kamili, chukua ya mtumba. Kava ndiyo inayolazimisha hewa ipite kwenye rejeta nzima. Feni isiyo na kava inapooza duara lililo mbele yake tu, pembe nne za rejeta zinabaki za moto. Ijaribu dukani kwa betri: isitikisike, isitoe mlio wa chuma kusuguana, na ukiizungusha kwa kidole izunguke laini bila kukwama.

Angalia pia kama ni ya kunyonya au ya kupuliza. Kugeuza nyaya kunageuza mzunguko, lakini mapanga yamepindwa kwa upande mmoja, na yakizunguka kinyume hewa inapungua sana hata kama unausikia upepo. Baadhi ya feni zinaruhusu panga kutolewa na kugeuzwa kwenye ekseli. Nyingine haziruhusu, hizo nunua za upande sahihi.

Kuondoa ya zamani na kuweka mpya

Toa waya hasi wa betri. Mwaga maji kwenye beseni safi kama bado ni mazuri. Feni ya mkanda hushikwa na nati nne mbele ya puli ya wota pampu, spana namba 10 au 12. Hapa pana mtego. Nati zile zile ndizo zinazoshika puli. Ukitoa feni, unene wake unaondoka, na nati zikirudishwa zinaweza kufika mwisho wa uzi kabla hazijabana puli. Puli inacheza, mashimo yanapanuka, na siku moja mkanda unaruka. Weka washa zenye unene sawa na ule ulioondoa, kaza, halafu itikise puli kwa mkono. Ikicheza kwenda mbele na nyuma hata baada ya kukaza, beringi ya wota pampu imekwisha, na huu ndio wakati wa kubadilisha. Rudisha mkanda na uukaze hadi ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili ushuke kama milimita 10.

Kuna vile vibano vya plastiki vinavyochomekwa katikati ya mapezi na kuibeba feni kwenye rejeta yenyewe. Vitupe. Barabara ya vumbi yenye mawimbi inaifanya feni iparaze mirija ya rejeta kidogo kidogo hadi itoboke. Tengeneza mabano mawili ya bapa la chuma au alumini la milimita 20 kwa 3, yapite juu na chini ya kava, yafungwe kwenye fremu ya pembeni ya rejeta kwa bolti za milimita 6. Kati ya bano na fremu weka kipande cha mpira wa tyubu ya zamani ili kumeza mtikisiko.

Uso wa kava wenye tundu la feni ukae milimita 30 hadi 50 kutoka kwenye mapezi, ncha za panga ziache milimita 5 hadi 10 kutoka kwenye ukingo wa kava. Mahali kava inapokutana na rejeta ziba kwa sponji au mpira wa mlango. Tundu la kidole kimoja halina neno, lakini pengo la upande mzima linaifanya feni inyonye hewa ya moto iliyoko kwenye injini na kuizungusha hapo hapo.

Swichi ya joto

Hiki ndicho kifaa kinachoamua feni iwake lini. Swichi huwa na namba mbili, kwa mfano 95/84 au 92/87: ya kwanza ni joto la kuwaka, ya pili la kuzima. Zile za Volkswagen zenye uzi wa M22×1.5 na pini mbili hupatikana kirahisi na zinafaa kazi hii. Kanuni ni moja: joto la kuzima lisiwe chini ya joto linalofungua themostati. Ukiweka swichi inayozima kwenye nyuzi 79 na themostati ya 82, ukaifunga kwenye hozi ya juu, feni ikiwaka mara ya kwanza haitazima tena hadi uzime gari.

Mahali pa kuiweka panabadilisha namba. Kwenye hozi ya juu inasoma maji yanayotoka kwenye injini, basi 95 au 92 inafaa. Kwenye tanki la upande wa chini inasoma maji yaliyokwisha kupoozwa, kwa hiyo chagua ya chini kidogo, 88 hivi. Kwa hozi ya juu, tengeneza kipande cha bomba la shaba au alumini chenye kipenyo cha ndani ya hozi, chenye nati ya uzi wa swichi, ukate hozi na ukiunganishe kwa klempu mbili. Kwenye rejeta ya shaba, fundi wa rejeta anaweza kulehemu nati kwenye tanki. Mwambie achomelee kwa risasi na moto mdogo, kwa sababu moto mkubwa unaachanisha mirija.

Jihadhari na swichi zilizotoka kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990. Hizo hufanya kazi kinyume: zimefunga saketi wakati wa baridi na kuifungua maji yakipata moto. Toyota walifanya hivyo kwa makusudi, ili waya ukikatika feni iwake badala ya kulala. Wazo zuri, ila linahitaji rilei (swichi ya sumaku inayowasha umeme mkubwa kwa umeme mdogo) mbili na mpangilio wake. Kwenye gari la zamani nunua swichi ya kawaida, yaani inayofunga saketi kwa joto.

Ijaribu kabla ya kufunga. Weka mita kwenye alama ya ukinzani, itumbukize sehemu ya shaba kwenye sufuria, pasha moto polepole. Hapa Tabora usitumie maji. Yatachemka kwenye nyuzi 96 na swichi ya 95 itakuwa kwenye ukingo. Utaitupa nzima ukidhani imekufa. Tumia mafuta ya kupikia na kipimajoto kinachofika angalau nyuzi 110. Kile cha kupimia homa kinaishia 42.

Umeme unatosha?

Magari ya miaka ya 1970 mengi yalitoka na oltaneta ya ampea 35 hadi 50. Piga hesabu ya usiku wa mvua: taa za mbele ampea 9, taa ndogo na za dashibodi 3, koili ya moto 4, waipa 5, redio 2. Jumla 23. Ongeza feni 20, umefika 43. Oltaneta ya 50 inatoa hizo 50 injini ikiwa imepanda mzunguko. Kwenye sailensa inaweza isifike nusu. Kwa hiyo gari likisimama foleni usiku, betri ndiyo inalipa deni. Kwa safari fupi inavumilika. Kama gari linatembea usiku mara kwa mara, tafuta oltaneta ya ampea 60 au 70 yenye regyuleta ndani.

240Z zina mita ya ampea kwenye dashibodi, na hilo linabadilisha mahali pa kuchukua umeme wa feni. Ukiuchukua kwenye tamino ya betri, umeme wa feni utatoka kwenye oltaneta, utapita kwenye mita hiyo kwenda kwenye betri, ndipo urudi kwenye feni. Mita itaonyesha betri inachaji sana kumbe haichaji, na inabeba mzigo isiotengenezewa. Kwa magari hayo chukua umeme kwenye nati kubwa ya oltaneta. Kwa yasiyo na mita ya ampea, tamino chanya ya betri ni sawa.

Nyaya

Hapa ndipo feni nyingi zinapofia, na fundi analaumu feni.

Waya wa feni ya ampea 20 uwe wa milimita 4 za mraba. Kwa ampea 30, milimita 6. Mita tatu za waya wa milimita 4 zikibeba ampea 20 zinapoteza kama robo ya volti. Zile zile zikiwa za milimita 1.5 zinapoteza karibu 0.7, na njia ya kurudi ikiwa ya waya kama huo unapoteza 1.4 kwa jumla. Feni inapungua kasi kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi, waya unapata moto, na ganda lake linalainika pale pale karibu na injini.

Usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene. Ukutani ni mzuri, ila kwenye gari mtikisiko unauvunja ndani ya ganda, na hutauona. Usitumie pia waya wa bei rahisi uliopakwa rangi ya shaba: kwangua uzi kwa kisu, ukiona weupe ndani ni alumini. Huo una ukinzani zaidi na unaoza kwenye maungio.

Vinavyohitajika: rilei ya ampea 40 yenye kitako chake, fyuzi ya ampea 30 na nyumba yake, fyuzi ndogo ya ampea 5, mita 4 za waya mwekundu wa milimita 4, mita 2 za mweusi wa unene huo huo, mita 5 za waya wa milimita 1 kwa ajili ya koili ya rilei, swichi ya dashibodi yenye nafasi tatu, na vichwa vya nyaya vya saizi sahihi.

1. Funga rilei kwenye ukuta wa ndani wa bonde la injini, mbali na manifoldi, pini zikiangalia chini ili maji yasikae.

2. Kutoka kwenye chanzo cha umeme, waya mwekundu uende kwenye fyuzi ya 30. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye chanzo. Sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina kinga. Ikikwaruzwa na bodi inawaka moto, na hakuna kitakachoikata.

3. Kutoka kwenye fyuzi nenda pini namba 30 ya rilei. Kutoka pini 87 nenda kwenye waya chanya wa feni. Pini 87a, kama ipo, haiunganishwi na kitu.

4. Pini 86 ipate umeme wa swichi ya kuwashia gari kupitia fyuzi ya 5. Waya huu unabeba ampea 0.2 tu, hivyo mwembamba unatosha.

5. Pini 85 iende kwenye kituo cha kati cha swichi ya dashibodi. Upande mmoja wa swichi hiyo uende kwenye swichi ya joto, na pini ya pili ya swichi ya joto iende ethi. Upande mwingine uende ethi moja kwa moja. Sasa una nafasi tatu: feni inajiendesha kwa joto, imezimwa, au inawaka kwa lazima.

Nafasi ya kuzima wengi huiona haina kazi. Masika, ukilazimika kuvuka maji yaliyofunika barabara, feni inayozunguka ikipiga maji panga zake hupinda kwenda mbele na kuchana rejeta. Izime kabla hujaingia, iwashe ukitoka.

Usiunganishe mota ya feni na waya wa swichi ya gari bila rilei. Mbali na kuyeyusha swichi, kuna kisa kingine: upepo ukiizungusha, feni inageuka jenereta ndogo na kurudisha umeme kwenye koili ya moto, na injini inaendelea kuunguruma kidogo baada ya kutoa ufunguo.

Ethi

Waya mweusi wa feni uwe mnene sawa na mwekundu, na uende hadi kwenye bodi au bloku ya injini. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, paka grisi juu. Hakikisha pia ule mkanda wa ethi kati ya injini na bodi upo na haujaliwa na kutu.

Usichukue ethi kwenye rejeta. Rejeta imekaa kwenye mipira, haijagusa bodi vizuri, na umeme ukikosa njia unapita kwenye maji. Hilo linakula alumini na shaba kutoka ndani. Ndiyo maana pia swichi ya joto yenye pini moja, inayotegemea ethi ya kifuko chake, mara nyingi haifanyi kazi kwenye magari haya: iko kwenye bomba lililoshikwa na hozi za mpira pande zote mbili. Kama ni hiyo uliyo nayo, funga waya wa ethi kwenye bomba lenyewe.

Vichwa vya nyaya vibanwe kwa koleo la kubania, halafu uvute kwa nguvu. Kikitoka mkononi kingetoka na barabarani. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu nyeusi ni kazi ya miezi miwili. Joto la bonde la injini linayeyusha gundi, tepu inafunguka, na ungio linabaki wazi.

Maji na majaribio

Jaza maji safi yaliyochanganywa na kulanti. Nusu kwa nusu ni salama. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima. Pandisha mbele ya gari kwenye mwinuko, fungua hita, acha kifuniko wazi, rudisha waya hasi wa betri, washa injini na ubinyebinye hozi ya juu hadi mapovu yaishe. Hewa iliyonaswa kwenye swichi ya joto inaifanya isome uongo.

Zima injini, geuza ufunguo bila kuiwasha na uweke swichi kwenye lazima. Rilei igonge, feni izunguke. Karatasi ukiishika mbele ya rejeta inyonywe na kubaki imeganda. Ikisukumwa, umegeuza nyaya. Kisha washa injini na taa, pandisha mzunguko wa injini, na pima: volti za betri zisishuke chini ya 13.2, na tofauti kati ya volti za betri na za kwenye plagi ya feni isizidi 0.5. Ikizidi, weka mita kipande kwa kipande hadi upate ungio linalokula.

Rudisha kwenye kujiendesha. Acha gari lisimame juani saa saba mchana kwa dakika 20. Feni iwake yenyewe, ifanye kazi dakika moja hadi tatu, izime, na irudie. Kisha toka mjini kwa kilomita 80 kwa saa. Ikiwa inaendelea kuwaka ukiwa kwenye mwendo huo, rudi kwenye sehemu ya kwanza: rejeta yako ina tatizo.

Usiingize mkono karibu na panga gari likiwa la moto na ufunguo ukiwa umegeuzwa, hata kama injini imezimwa. Feni haipigi hodi.

Ikikataa

Rilei ikitetemeka na kulia kama nzige, ethi ya pini 85 ni dhaifu au betri iko chini. Fyuzi ikikatika mara tu feni inapowaka, mota imekauka beringi au panga linagusa kava. Pima ampea kwa mita ya kubana. Fyuzi ikiwa nzima lakini plastiki yake imeyeyuka, kosa ni kichwa kilicholegea, na kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kuhamishia moto kwenye waya. Feni ikiwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, swichi yako ina pengo dogo sana kati ya namba zake mbili au maji yamepungua. Pini 30 au 87 ikibadilika rangi kuwa ya kahawia, badilisha kitako chote cha rilei, maana chuma kilichoungua hakibani tena.

Baada ya wiki mbili rudia kukaza mabano, klempu na tamino zote.

Kwenye droo ya gari weka rilei moja, fyuzi mbili za 30, na kipande cha waya wa milimita 4 chenye urefu wa kiganja, chenye kichwa bapa kila upande. Swichi ya joto ikifia njiani kati ya Urambo na Kaliua, swichi ya dashibodi kwenye lazima inakufikisha. Rilei ikifa na huna nyingine, ing'oe, unganisha tundu la 30 na la 87 kwa kipande hicho, na ukumbuke kukitoa ukizima gari.